Soketi ya nje isiyoingia maji: kuchagua kisanduku na kukifunga

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimenunua soketi ya nje, imeandikwa IP66, mbona ndani kuna maji?" La pili: "Nikifunga soketi ya kawaida ya ndani chini ya paa la baraza, si inatosha?" Nimejibu moja moja hadi vidole vimechoka, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa, pamoja na kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Jibu la swali la kwanza, kwa kifupi: kuna uwezekano mkubwa maji yamepita kwenye tundu ulilotoboa mwenyewe. Kisanduku kilipimwa kiwandani kikiwa kizima. Wewe ukakitoboa mgongoni kwa skrubu mbili, ukakitoboa tena juu ili kebo ipite, na tangu siku hiyo ile namba ya IP iliyoandikwa ubavuni, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji, haina maana tena.

Nalijua hili kwa sababu soketi yangu ya kwanza ya nje niliiingizia kebo kwa juu. Kebo ilikuwa inashuka kutoka darini, na juu ndiko kulikokuwa karibu. Nikaminya silikoni nusu ya mrija kuzunguka tundu, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Miezi michache baadaye umeme ukaanza kukatika alfajiri. Nilipofungua nilikuta maji yamefika usawa wa skrubu za chini, na shaba imeota ukijani. Hilo la ukijani nalo lilikuwa kosa langu, nitalieleza tukifika kwenye silikoni.

Kabla hujaanza

Katika nchi nyingi, kuunga soketi mpya kwenye nyaya za nyumba ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, au ni lazima aje kuikagua. Uliza sheria ya kwenu. Kama huna leseni, hatua ya 1 hadi ya 5 unaweza kuzifanya mwenyewe, kisha fundi akute kila kitu kiko ukutani kikimsubiri. Utaokoa muda wake, na utakuwa na uhakika kuwa hakutoboa kwa juu.

Uwe na hivi:

- Kisanduku cha nje chenye soketi na kifuniko cha kufunika plagi ikiwa ndani. Kwa mahali panaponyeshewa, chukua IP55 au zaidi.
- Glandi inayolingana na unene wa kebo yako. Glandi ni kile kikola cha plastiki chenye nati, kinachobana kebo kwa raba.
- Kebo inayofaa kukaa nje. Kebo nyeupe ya ndani ikipigwa na jua mfululizo hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo kama ni hiyo uliyo nayo, ipitishe ndani ya paipu.
- Skrubu za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari chukua daraja la A4.
- Silikoni isiyo na asidi.
- Drili, bisibisi, kisu cha kumenyea waya, na tesa (kipima umeme) ya ncha mbili au multimita.
- RCD kwenye saketi, yaani njia ya umeme, itakayolisha soketi hiyo. Hiki ndicho kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja. Kwa soketi za nje, cha miliampea 30 ndicho cha kawaida katika nchi nyingi. Kama hakipo, simamisha kazi hadi kiwepo. Hata kisanduku bora kuliko vyote kinaweza kupasuka, na mtu anayeshika mashine ya kukatia nyasi huwa amesimama juu ya ardhi yenye maji.

Namba za IP, kwa ufupi sana

Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu, mwisho wake ni 6. Ya pili inahusu maji. 4 ni maji ya kurushwa kutoka pande zote. 5 ni maji ya mpira wa bustani. 6 ni maji ya mpira wenye nguvu kubwa. 7 ni kuzamishwa kwa dakika 30, kina kisichozidi mita 1. Herufi X mahali pa tarakimu, kama IPX4, maana yake upande huo haukupimwa.

Watu hudhani 7 inameza 6. Haimezi. Kisanduku kilichopimwa kwa kuzamishwa tu si lazima kistahimili maji ya kupigwa kwa nguvu, ndiyo maana vingine huandikwa zote mbili, IP66/IP67.

Swali la kumwuliza muuzaji, ambalo wengi hawaliulizi: namba hii ni ya kifuniko kikiwa kimefungwa bila plagi, au plagi ikiwa ndani? Zipo soketi zenye kifuniko bapa cha springi ambazo hupata namba nzuri zikiwa tupu, lakini ukichomeka kitu kifuniko kinabaki wazi na mvua inaingia moja kwa moja. Marekani wameliandika jambo hili kwenye kanuni zao za umeme, NEC, kifungu cha 406.9. Mahali penye unyevu tu, kama chini ya baraza lisilofikiwa na mvua, inatosha kisanduku kizuie maji kifuniko kikiwa kimefungwa na plagi haimo. Mahali panapolowa, soketi za ampea 15 na 20 lazima zikae katika kisanduku kinachozuia maji plagi ikiwamo au isiwemo. Soketi zenyewe pia, pote pawili, ziwe za aina iliyotengenezwa kustahimili hali ya hewa, zenye alama ya WR. Hata kama hauko Marekani, mgawanyo huo ni mzuri kuufuata. Mimi nauchukulia kwa ukali zaidi: kama upepo unaweza kuisukuma mvua hadi kwenye ukuta huo hata mara moja kwa mwaka, hapo panalowa. Baraza lako, kwa hiyo, huenda ni mahali panapolowa.

Hatua za kazi

1. Chagua mahali. Simama hapo siku ya mvua, au angalia madoa ukutani. Matone ya mvua yakipiga sakafu ngumu huruka juu na kuchafua sehemu ya chini ya ukuta. Mstari wa uchafu huo unakuonyesha yanafika wapi. Soketi ikae juu ya mstari huo. Mimi napenda usawa wa kiuno, maana mtu hahitaji kuinama na kifuniko hakipigwi teke. Epuka chini ya mdomo wa bomba la paa, na epuka karibu na bomba la maji ambalo mtu atafungua na kurusha mpira. Pima pia umbali. Kwa kebo ya shaba ya milimita 2.5 za mraba yenye urefu wa mita 30, ukivuta ampea 13 unapoteza takriban volti 7 njiani. Kwenye mfumo wa volti 230 hilo linavumilika. Ukienda mbali zaidi, mwachie fundi apige hesabu ya kebo nene.

2. Pima plagi zako kabla ya kununua kifuniko. Kosa hili linawagharimu wengi. Beba plagi kubwa kuliko zote utakazotumia nje, pamoja na zile chaja zenye kichwa kama tofali. Ichomeke kwenye soketi dukani, funga kifuniko, sikia kama kinalia "tak". Kama hakilii, kitakuwa kinakaa nusu wazi na utakizoea hivyo. Tazama pia nafasi ya kutokea waya wa plagi chini ya kifuniko: waya mnene wa mashine ukilazimishwa mle, raba inanyanyuka upande mmoja.

3. Andaa kisanduku mezani, si ukutani. Amua upande wa chini ni upi, uandike kwa kalamu. Kebo itaingilia chini. Kama haiwezekani kabisa, ubavuni karibu na chini. Juu, kamwe. Toboa tundu la glandi kwa kipimo kinacholingana nayo, milimita 20 au 25, kwa drili ya hatua (ile yenye ncha ya ngazi ngazi) au kwa kusukuma kile kizibo kilichochongwa tayari. Kizibo ukikipiga nyundo, ganda hupasuka na ufa hauonekani hadi maji yaingie. Kikate kwa kisu taratibu kuzunguka, kisha sukuma.

   Halafu tafuta alama ya tundu la kutolea maji. Visanduku vingi vina kiduara kidogo chini kilichoandaliwa kwa ajili hiyo. Wengi wanashangaa: nimenunua kitu kisichoingia maji, nikitoboe tena? Ndiyo, pale tu mtengenezaji alipoonyesha, na kwa kipimo alichotoa. Mchana jua hupasha hewa iliyo ndani ikatanuka na kutoka. Mvua ikija ghafla, ganda hupoa, hewa inajikunja, na kisanduku kinanyonya hewa yenye unyevu, wakati mwingine na tone la maji lililokuwa limekaa kwenye raba. Unyevu huo hugeuka umande ndani. Bila pa kutokea, unajikusanya mwezi baada ya mwezi. Usitoboe tundu lako mwenyewe mahali pengine.

4. Kifunge ukutani bila kukiharibu mgongo. Kama kina masikio ya nje ya kufungia, tumia hayo, maana skrubu hazipiti ndani kabisa. Kama matundu ya skrubu yako ndani, weka washa ya raba chini ya kila kichwa cha skrubu, na kama kulikuja vifuniko vidogo vya plastiki ndani ya mfuko, hivyo ndivyo vya kufunika skrubu hizo. Wengi huvitupa wakidhani ni vya akiba. Kabla ya kutoboa ukuta hakikisha hakuna waya au bomba nyuma yake.

   Ukuta usipokuwa laini, maji yatateremka nyuma ya kisanduku. Paka silikoni juu na pande mbili. Chini acha wazi. Ukiziba pande zote nne umetengeneza bakuli: maji yatakayopata njia ya kuingia nyuma hayatakuwa na pa kutokea ila ndani ya kisanduku.

   Na silikoni yenyewe: inuse. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Ndiyo iliyonipa ule ukijani. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi, hasa kama itakuwa karibu na nyaya.

5. Ingiza kebo na uipe tumbo. Kabla haijaingia kwenye glandi, kebo ishuke chini ya kisanduku kwa kiasi cha kiganja kimoja, ipinde, kisha ipande na kuingia. Maji yanayofuata kebo yatadondoka kwenye hilo tumbo. Kaza nati ya glandi hadi raba ikumbatie kebo pande zote. Vuta kebo: isisogee. Glandi kubwa kuliko kebo haibani hata ukiikaza hadi ikatike, na tepu ya umeme iliyozungushwa ili kunenepesha kebo huoza kwa joto. Nunua glandi sahihi, ni kitu kidogo.

   Kama unatumia paipu, kumbuka paipu nayo huota umande ndani na kuuteremsha kama mfereji. Iingilie chini, na ziba mdomo wake wa ndani kuzunguka kebo.

6. Zima umeme na uthibitishe. Zima breka ya saketi hiyo au swichi kuu, ifunge au weka karatasi ya onyo. Kisha jaribu tesa yako kwenye soketi unayojua ina umeme, jaribu kwenye nyaya unazotaka kugusa, rudi tena kwenye ile yenye umeme. Jaribio la tatu ni la kujua kama tesa haikufa katikati. Bisibisi yenye taa ndogo ndani usiitegemee kwa kazi hii. Mwanga wake mchana hauonekani, na kukosekana kwake hakuthibitishi kitu.

7. Unga nyaya. Katika mfumo wa kimataifa, kahawia ni laivu (waya unaoleta umeme), bluu ni nyutro (unaourudisha), kijani na njano ni ethi (wa kwenda ardhini). Nyumba za zamani huwa na nyekundu na nyeusi. Marekani nyeusi ni laivu na nyeupe ni nyutro, kwa hiyo ukikutana na nyeusi usijidanganye na rangi, pima. Menya milimita 8 hadi 10 tu. Shaba isionekane nje ya terminali (tundu lenye skrubu linaloshika waya), na plastiki isiingie chini ya skrubu. Kaza, kisha vuta kila waya kwa vidole. Waya ukitoka, kaza tena na uvute tena. Acha urefu kidogo wa ziada ndani, ili siku ya kubadilisha soketi usihangaike na nyaya fupi. Waya wa ethi uwe mrefu kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa, ethi iwe ya mwisho kung'oka.

8. Funga uso na ujaribu raba kwa karatasi. Futa mfereji wa raba kwa kitambaa kikavu. Punje moja ya mchanga inatosha kuacha njia. Kaza skrubu za uso kwa mshazari, kidogo kidogo, kama unavyofunga gurudumu la gari. Usizikaze hadi plastiki ilie. Sasa chukua ukanda wa karatasi, uweke ukingoni mwa kifuniko, kifunge, uvute. Karatasi ikishikwa, raba inabana hapo. Ikiteleza, haibani. Zunguka pande zote. Upande wa bawaba ndio unaofeli mara nyingi.

9. Jaribu kwa maji, umeme ukiwa bado umezimwa. Chomeka plagi na waya wake, bila kuunga mashine yoyote, funga kifuniko. Mwagia maji kwa kopo la bustani kutoka juu na pande zote kwa dakika 5 hivi. Kama kisanduku ni cha IP55 au zaidi unaweza kutumia mpira wa kawaida. Pangusa nje kwanza, ndipo ufungue, kisha pitisha karatasi nyeupe ya shashi ndani: kona za chini, nyuma ya soketi, kuzunguka glandi. Karatasi itakuonyesha hata tone ambalo jicho halilioni, na mahali ilipolowa ndipo pa kurekebisha.

10. Pima, washa, bonyeza. Fundi apime kinga ya nyaya, yaani jinsi plastiki yake inavyozuia umeme kuvuja, kwa volti 500. Isipungue megaomu 1, na kwa kazi mpya inatakiwa kuwa juu zaidi ya hapo kwa mbali. Washa. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye RCD: kisipokatika papo hapo, usiitumie soketi. Rudia kubonyeza kila baada ya miezi michache.

Yakienda kombo

*RCD inakatika mvua ikinyesha.* Chomoa kila kitu kwanza. Ikitulia, tatizo ni mashine au waya wake wa kuongezea urefu uliolala majanini. Isipotulia, zima swichi kuu na ufungue kisanduku. Watu huniambia, "Lakini breka ya soketi hiyo nilishaizima, na bado inakata." Breka ya nguzo moja hukata laivu peke yake. Nyutro inabaki imeungwa, na unyevu ukiiunganisha nyutro na ethi, RCD bado inaona kuna umeme usiorudi kwa njia yake. Kausha, tafuta chanzo, usiongeze silikoni kwa kubahatisha.

*Maji ndani, lakini raba zote ziko sawa.* Angalia paipu, kisha skrubu za mgongoni, kisha kama kebo ina tumbo. Kwa mpangilio huo.

*Vitone vidogo kama jasho ndani ya kifuniko, hakuna maji chini.* Ni umande. Hakikisha tundu la kutolea maji halijazibwa na rangi. Wapaka rangi hulifunika bila kujua.

*Sisimizi.* Wanapita kwenye nafasi ya waya au tundu lisilotumika, na hukaa kwenye terminali kwa sababu kuna joto. Ziba matundu yote yasiyo na kazi kwa vizibo vyake vya raba. Dawa ya kupuliza usiitumie ndani ya soketi: kimiminika ni kimiminika.

*Plagi inatoka ikiwa ya moto, au plastiki ina doa la kahawia.* Terminali imelegea au vishikio vya soketi vimechoka. Badilisha soketi nzima. Kukwangua kutu na kuirudisha ni kujiahirishia kazi. Ukiikuta shaba imekuwa kijani au nyeusi, kata waya hadi upate shaba inayong'aa. Hapo ndipo utaishukuru ile sentimita chache uliyoacha ya ziada.

*Kifuniko hakirudi chini.* Kama ni plagi kubwa, badilisha kifuniko, vipo virefu vya aina hiyo hiyo. Kama ni springi iliyoshika kutu, usikifunge kwa kamba au mpira wa baiskeli. Nimeviona vyote viwili, na cha mpira kilikuwa kimeliweka tundu la soketi wazi likitazama angani.